Ndege ya Vita Chini ya Maji: Mwongozo Kamili wa Kuitambua na Kuiopoa

Ndege iliyodumu baharini miaka 80 inaweza kumalizika nchi kavu ndani ya msimu mmoja. Chini ya maji, hasa ikiwa imefukiwa na mchanga, oksijeni ni haba na uliwaji wa chuma unakwenda polepole. Ukiitoa juani mambo yanabadilika. Chumvi iliyojificha kwenye maungio na chini ya ribiti, ile misumari inayoshikanisha bati, inavuta unyevu wa hewa, unga mweupe unachomoza, na bati lililokuwa gumu mkononi linaanza kumenyeka tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana katika mwongozo huu kreni inakuja karibu na mwisho. Kabla yake kuna kutambua, kutafuta mwenye mali, kupima, na kujenga tangi.

Mifano mingi nitaichota nje, kwa sababu huko ndiko kazi hii imefanyika kwa ukamilifu: mchanga wa Goodwin Sands kusini mashariki mwa Uingereza, ziwa Loch Ness la Uskoti, na Ziwa Michigan la Marekani. Lakini pwani yetu nayo ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kipevu kule Mombasa na bandari ya Dar es Salaam zilikuwa vituo vya ndege za Uingereza zinazotua majini, Catalina zaidi ya zote, zilizoruka saa nyingi zikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Agosti 1943, Catalina za vikosi namba 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska, na kikosi hicho cha 259 kilikuwa kimeanzishwa Kipevu mwaka huo huo. Kwa hiyo mzamiaji wa Mombasa au Kigamboni anayekuta bati lenye ribiti kwenye matope asidharau.

1. Weka alama, kisha ondoka

Mabaki mengi hayagunduliwi na wataalamu. Hugunduliwa na mvuvi ambaye nyavu zake zinakwama mahali pale pale kila msimu, au mzamiaji aliyekuwa akifuata kamba kochi. Ikiwa ni wewe, chukua pointi ya GPS, halafu chukua pia alama za nchi kavu kama wafanyavyo manahodha: mnara huu ukilingana na mnazi ule, kona ya gati ikilingana na paa lile. Simu kwenye mashua inayoyumba hukosea kwa mita kadhaa, na mita hizo zinatosha kukupoteza mahali ambapo maji ni machafu. Andika kina, saa, na hali ya maji, kama ni bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa. Pwani yetu nyakati za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo kina bila saa ni namba isiyo na maana.

Usitupe nanga juu ya mabaki. Usifunge kamba ya boya kwenye propela wala kwenye mkia. Dondosha jiwe lenye boya pembeni, umbali wa mita kumi hivi.

Na usichukue kitu. Najua vishawishi vilivyopo, na najua pia kwamba wanunuzi wa skrepa wanalipia aluminiamu vizuri kuliko chuma. Ila tatizo kubwa zaidi kuliko skrepa ni kile kibati kidogo cha chumba cha rubani chenye maandishi. Ndicho kitu cha kwanza kuibwa popote duniani, kwa kuwa kinaingia mfukoni, na mara nyingi ndicho peke yake kinachoweza kusema ndege ile ni ipi. Kikishaondoka bila kurekodiwa, mabaki yale yamepoteza jina.

2. Vitu vinavyoua

Ndege ya vita ilibeba vitu vya vita. Catalina ya doria ilining'iniza chini ya mabawa mabomu ya kuulia nyambizi yanayolipuka kwenye kina. Ndege ya kushambulia ilikuwa na mabomu ya kawaida, na zote zilikuwa na mikanda ya risasi na fataki za ishara. Maji ya chumvi hayaui baruti. Yanaharibu kifyatulio na kukifanya kisitabirike. Ukiona umbo la pipa, mtungi au silinda yenye mapezi, usiguse, usigonge ili kusikia sauti, usisafishe magamba ili kusoma namba. Piga picha ukiwa mbali kadiri maji yanavyoruhusu, panda, na upeleke taarifa polisi wanamaji, au KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, ukiwa Zanzibar. Wao ndio watakaoita wataalamu wa mabomu wa jeshi. Na kwa kuwa tunafahamiana pwani, niseme waziwazi: asitokee mtu akafikiria kutoa baruti ya bomu la zamani kwenda kuvulia samaki. Bomu la aina hiyo lilitengenezwa kupasua nyambizi ya chuma, sembuse mashua ya mbao na watu wake.

Hatari ya pili haionekani. Saa na geji za chumba cha rubani zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae usiku. Mng'ao ulikwisha zamani, lakini mionzi ipo palepale: radiamu huchukua karibu miaka 1,600 kupungua nusu. Geji yenye kioo kizima chini ya maji si tishio kubwa kwako. Geji iliyovunjika, ikakauka, vumbi lake likavutwa puani, hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo geji haifunguliwi, haikwanguliwi, wala haipelekwi nyumbani ikawekwa sebuleni.

Mengine ni ya uzamiaji wenyewe. Mabaki hukusanya nyavu na mishipi, hivyo kila mzamiaji awe na kisu au mkasi unaokata, na awe na mwenzake. Usiingie ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ni chembamba, kingo zake ni wembe, na teke moja la pezi linainua matope hadi huoni mkono wako. Zaidi ya mita 30, mwachie mtu mwenye mafunzo ya kina hicho.

3. Ndege hii ni ya nani?

Watu wengi hudhani kitu kilichotupwa na bahari ni cha aliyekiona. Kwa ndege za kijeshi mara nyingi si hivyo, hata ipite miaka mingapi. Sheria ya Marekani ya 2004 kuhusu vyombo vya kijeshi vilivyozama inasema umiliki wa serikali haufutwi na muda, popote chombo kilipo. Uingereza, kwa sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi, inakataza kugusa mabaki ya ndege za kijeshi bila leseni ya Wizara ya Ulinzi. Juu ya hayo kuna sheria za nchi ambayo mabaki yamo ndani ya maji yake. Kwetu mlango wa kwanza ni taasisi za mambo ya kale: Idara ya Mambo ya Kale kwa Tanzania Bara, idara ya makumbusho na mambo ya kale kwa Zanzibar, na Makumbusho ya Taifa kwa Kenya. Mlango wa pili ni mamlaka ya bahari ya nchi husika.

Kuna pia Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji, ulioanza kutumika Januari 2009. Unahusu vitu vilivyokaa majini angalau miaka 100, kwa hiyo ndege za Vita vya Kwanza zimeshaingia na za Vita vya Pili zitaanza kuingia mwishoni mwa miaka ya 2030. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba kuacha kitu kilipo ndilo chaguo la kufikiriwa kabla ya mengine yote. Hata kama nchi yako haijauridhia, wafadhili na makumbusho wengi huupima mradi kwa kanuni hizo.

Halafu kuna wafu. Marekani peke yake bado inahesabu karibu wanajeshi 72,000 wa Vita vya Pili ambao hawajulikani walipo, na wengi wao walipotelea baharini. Ukiona mfupa, kiatu, kitambaa cha parachuti kilichofungwa, au mkanda wa kiti ambao bado umefungwa, kazi inasimama. Mkanda uliofungwa unamaanisha huenda mtu hakutoka. Kutoka hapo mabaki ni kaburi, na watakaoamua ni serikali ya nchi ya marehemu, kwa ajili ya familia ambazo huenda bado zinasubiri.

4. Pima kabla ya kufikiri

Kwa wenye bajeti kuna sona ya kuvutwa nyuma ya mashua, inayochora sakafu ya bahari kwa mwangwi. Kuna pia magnetomita, lakini ielewe kabla ya kuikodi: aluminiamu haivutwi na sumaku. Kitakachoonekana ni injini, miguu ya magurudumu na bunduki. Ndege nzima inaweza kutoa ishara ndogo kuliko nanga ya jahazi.

Asiye na bajeti atumie futikamba. Tandika moja kutoka puani hadi mkiani, iwe mstari wako wa msingi, na ukazie ncha zote mbili. Kila kitu unachotaka kukiweka kwenye ramani, kipime umbali wake kutoka ncha zote mbili. Ukirudi juu, bikari na karatasi ya miraba zitakuonyesha kilipo. Piga picha zinazopandana kwa asilimia 60 hadi 80, ukiogelea kwa mistari kama mtu anayelima tuta, halafu programu ya kompyuta itaziunganisha kuwa umbo zima la pande tatu. Weka rula yenye rangi mbili ndani ya picha. Chagua maji mafu, saa ambayo mkondo umesimama, kwa sababu picha za bamvua huwa ni za vumbi.

Tembea pia nje ya rundo kuu. Ndege iliyopiga maji kwa kasi hutawanyika, na injini iliyong'oka huendelea mbele. Mstari wa vipande hukuonyesha ilikuja kutoka upande gani, na upande huo utaulinganisha baadaye na taarifa ya siku ile.

5. Aina ya ndege: anza na injini

Bati huliwa, injini hubaki. Kwa hiyo hesabu silinda. Kama zimepangwa kwa duara kuzunguka mhimili, ni injini ya kupozwa kwa hewa: silinda 9 kwenye mduara mmoja, 14 kwenye miduara miwili, au 18. Bristol Pegasus ya Uingereza na Wright Cyclone ya Marekani zina 9. Pratt & Whitney Twin Wasp iliyoendesha Catalina ina 14, na Sakae ya Kijapani iliyoendesha Zero nayo ina 14, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Tazama mirija myembamba inayotoka kwenye kitovu kwenda kwenye vichwa vya silinda, ile inayobeba vijiti vya valvu. Kama injini ina silinda 14 na haina mirija hiyo, fikiria Bristol Hercules, kwa kuwa ilitumia mirija mipana inayoteleza kati ya pistoni na silinda badala ya valvu za kawaida.

Injini ya silinda 12 kwa safu mbili kwa kawaida ni ya kupozwa kwa maji. Rolls-Royce Merlin ya ndege za Kiingereza Spitfire na Lancaster ina safu zinazopanda juu kama herufi V. Za Kijerumani, Daimler-Benz 601 na Jumo 211, zimepinduliwa, V yake inatazama chini. Ila kumbuka kwamba ndege hulala kichwa chini mara nyingi, kwa hiyo hakikisha kwanza juu ni wapi.

Kisha pima bawa. Spitfire ina upana wa mita 11 na kidogo kutoka ncha hadi ncha, Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Kijerumani, mita 18, na Catalina karibu mita 32. Kama bawa moja ndilo limebaki, lipime kutoka shinani, zidisha kwa mbili, ongeza upana wa kiwiliwili. Ziko pia alama ambazo huwezi kuzikosa: Wellington, ndege ya mabomu ya Kiingereza, ilijengwa kwa mihimili iliyosukwa kama wavu, Junkers Ju 52 ilikuwa na bati la mikunjo kama la paa, na Catalina ina matundu mawili makubwa ya vioo vilivyotuna nyuma ya mabawa.

Mapanga ya propela nayo husema. Yakiwa yamepinda yote kwa namna moja, injini ilikuwa ikizunguka ilipogusa maji. Moja limepinda na mengine yamenyooka, huenda propela ilikuwa imesimama. Yaliyokatika karibu na shina yanaweza kuwa ya mbao. Tundu la risasi lina kingo zilizokunjamana kuelekea upande risasi ilikokwenda. Tundu la kutu lina kingo nyembamba kama karatasi iliyoloana. Wapenzi wa hadithi za mapigano ya angani huchanganya hayo mawili kila siku.

6. Ndege yenyewe: kuwinda namba

Hapa ndipo kazi ilipo. Kujua kwamba ni Spitfire si kitu kikubwa, zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Swali ni Spitfire ipi, ilipotea lini, nani alikuwa ndani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba namba nyingi utakazoziona si namba ya ndege. Ni namba za vipuri. Zimegongwa kwenye kila kipande, na zinakueleza aina tu. Kwenye Spitfire za mwanzo namba za vipuri huanza na 300, na muhuri mdogo wa mkaguzi husomeka 6S. Kwenye mabaki ya Kijerumani, namba inayoanza na 8 ikifuatwa na kistari na 109 inakupeleka kwa Messerschmitt Bf 109, na ikifuatwa na 88, kwa Junkers Ju 88. Taji lenye herufi AM ni Wizara ya Anga ya Uingereza. Upande wa ndani wa bati, ambako jua na mawimbi havikufika, unaweza kukuta maandishi ya kiwandani ALCLAD 24S-T yaliyochapwa kwa wino: hilo ni bati la Kimarekani, ingawa washirika wa Marekani nao walilitumia, kwa hiyo ni dalili tu.

Namba ya ndege ina sura zake. Za Uingereza ni herufi na tarakimu, kama N2980 au W1048, zilizopakwa rangi upande wa nyuma wa kiwiliwili. Za jeshi la anga la nchi kavu la Marekani huanza na mwaka wa mkataba, mfano 41-2446, lakini mkiani tarakimu ya kwanza iliachwa ikabaki 12446. Ukiisoma bila kujua hilo utahangaika kwenye orodha bure. Jeshi la majini la Marekani lilitumia namba ya ofisi isiyo na mwaka. Wajerumani walikuwa na mbili: namba ya kiwanda kwenye kibati, na herufi kubwa ubavuni pande mbili za msalaba. Mbili za kwanza ni za kikosi, kwa mfano 5K ni ya KG 3, kikosi cha ndege za mabomu. Zilizobaki zinataja ndege na kundi dogo ndani ya kikosi.

Rangi ikiwa imepotea, kuna mlango wa nyuma ambao watu husahau. Kuanzia 1943, Wamarekani walijaza ripoti kwa kila ndege iliyopotea na watu wake, na ndani yake waliandika namba za injini na namba za bunduki. Injini haiozi haraka, na namba yake imegongwa kwenye kibati au kwenye gamba lenyewe. Namba moja ya bunduki inayosomeka inaweza kukupa tarehe, majina na sehemu. Kwa ndege za Uingereza, vitabu vya shughuli za vikosi viko kwenye Nyaraka za Taifa pale Kew, London, katika kundi liitwalo AIR 27, na vingi vimewekwa mtandaoni.

Kusoma namba iliyofunikwa na magamba hakuhitaji patasi. Tumia kidole, mswaki laini wa plastiki, na tochi iliyoinamishwa ubavuni ili kivuli kiinue herufi. Piga picha kwa pembe tano au sita. Kilichogongwa kwa nyundo kinaweza kusomeka hata baada ya uso wa juu kuliwa. Ukikwangua ndipo unapokipoteza.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa Ziwa Michigan. Kule, wakati wa vita, marubani wa jeshi la majini walijifunza kutua kwenye meli mbili zilizokuwa zamani za abiria, Wolverine na Sable. Ndege zaidi ya 100 zilianguka ziwani. Mwaka 1994 iliopolewa moja aina ya Dauntless, kwa sura haina tofauti na wenzake waliokuwa pale chini. Namba yake ilikuwa 2106. Kumbukumbu zikaonyesha kwamba kabla ya kushushwa cheo na kuwa ndege ya mafunzo, ilipigana katika vita vya Midway, Bahari ya Pasifiki, Juni 1942 na kurudi na matundu ya risasi zaidi ya 200. Bila tarakimu zile nne ingekuwa chombo kingine tu cha mwanafunzi aliyekosea kutua. Sasa iko kwenye makumbusho ya Pensacola, Marekani.

Jihadhari na kitu kimoja kabla ya kutangaza ushujaa wowote: si kila ndege iliyo chini ilianguka. Catalina nyingi zilizokopeshwa na Marekani zilizamishwa kwa makusudi baada ya vita, kwa mfano karibu na kisiwa cha Rottnest nje ya Perth, Australia. Ukikuta injini na vyombo vimeng'olewa kwa ustadi, bisibisi zimetumika na si kishindo, huenda unatazama jalala.

7. Iachwe au itolewe?

Kwa mtazamo wangu mabaki mengi yaachwe. Yalindwe kwa magunia ya mchanga, yapigwe picha kila mwaka, yawe kivutio cha wazamiaji. Kuopoa kuna maana pale ambapo kitu ni adimu na mahali pamekuwa si salama. Dornier Do 17 ya Goodwin Sands ilitimiza yote mawili. Ilionekana mwaka 2008, imelala kichwa chini kwenye kina cha mita 15 hivi, ikijulikana kuwa ndiyo pekee iliyobaki karibu nzima katika aina yake, na mchanga uliokuwa umeifunika tangu 1940 ulikuwa umehama. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza yaliiinua Juni 2013 kwa gharama ya mamia ya maelfu ya pauni, na sehemu nzuri ya fedha hizo ni ya matibabu baada ya kuinuliwa. Kama bajeti yako inaishia gatini, huna bajeti.

Maji baridi yasiyo na chumvi ni rehema kubwa, ingawa hata huko kuna maadui: Ziwa Michigan limevamiwa na kome wa kigeni wanaojishika kwenye rangi na bati. Ziwa Tanganyika linatukumbusha kitu kingine. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, walizipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiinua 1924, nayo ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

8. Tangi kwanza

Liwe tayari, limejaa, siku ambayo kreni inafika. Kwa injini, tangi la plastiki la maji ya nyumbani lililokatwa juu linafaa. Kwa bawa, jenga sanduku refu la mbao, ulitandike nailoni nzito mara mbili. Usitumie pipa la chuma wala chombo chenye shaba: aluminiamu ikigusana na shaba ndani ya maji yenye chumvi hutokea umeme mdogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Sababu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ndani ya ndege yenyewe utakuta bati limekwisha kuzunguka boliti za chuma, na kwa nini sehemu za magnesi, kama vitovu vya magurudumu, zimeyeyuka zamani.

9. Kuinua

Ndani ya maji aluminiamu hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, chuma karibu sehemu moja ya nane. Inapokata uso wa maji uzito wote unarudi ghafla, pamoja na maji na mchanga ulio ndani, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni tani nzima. Hapo ndipo mabawa hukatika. Toa mchanga wa ndani kwanza kwa bomba la kunyonya, toboa njia za maji kutokea pale ambapo tayari pameoza, na uinue kwa mwendo wa kobe, ukisimama usoni mwa maji hadi maji ya ndani yachuruzike yaishe.

Kamba zishike mifupa: shina la mhimili wa bawa, vishikio vya injini. Zisishike bati. Tumia mikanda mipana, si waya mtupu. Matope hunyonya, kwa hiyo yalegeze kwa mpira wa maji wa shinikizo dogo, tikisa kidogo, subiri. Usivute kwa nguvu ya winchi.

Mifuko ya hewa ni rahisi na hatari. Hewa iliyofungwa kwenye mita 10 huongezeka mara mbili ifikapo juu, kwa hiyo mzigo ulioanza kupanda huongeza kasi yenyewe. Mifuko mingi midogo yenye valvu za kupunguzia ni bora kuliko mmoja mkubwa. Asiye na kreni anaweza kutumia bahari: funga mzigo kwenye tishari maji yakiwa yamekupwa, kamba zikiwa zimekazwa, yakijaa yatauinua, uusogeze kwenye kina kidogo, urudie kesho.

Uwe na mpango wa pili. Pale Goodwin Sands ilikusudiwa kujenga fremu chini ya ndege. Upepo ukala siku za kazi, wakaiacha fremu na kufunga kamba kwenye sehemu ngumu za mwili. Mwaka 1985 kule Loch Ness, fremu ya kuiinua Wellington N2980 ilishindwa katika jaribio la kwanza, na ndege ikatoka tarehe 21 Septemba baada ya matengenezo. Kwetu usipange kuinua wakati wa kusi kali.

Ikishafika juu ya tishari, isikauke hata saa moja. Magunia ya katani yaliyoloana, turubai juu yake, na mtu wa kumwagia maji njia nzima.

10. Kutoa chumvi

Badilisha maji ya tangi kila wiki mwanzoni, baadaye kila mwezi. Maji ya bomba yana klorini, hivyo malizia kwa maji yaliyosafishwa. Kipimo rahisi: chukua maji kidogo, tia tone la naitreti ya fedha, yakigeuka kama maziwa, klorini ya chumvi bado inatoka. Endelea hadi yabaki safi mara kadhaa mfululizo. Ni kazi ya miezi, na kwa injini ni ya miaka.

Kinachofaa kwa chuma ni sumu kwa aluminiamu. Bunduki ya chuma huoshwa kwenye maji ya magadi makali yenye umeme; aluminiamu ikiingia humo inaliwa ukiiona, kwa hiyo vitenganishe kwanza. Asidi kali nayo inaila. Kwa Dornier, wataalamu wa Imperial College London walishauri myeyusho mwepesi wa asidi ya sitriki, ile iliyo kwenye ndimu, uliopunguzwa ukali. Kiwiliwili na mabawa viliwekwa ndani ya mahema marefu ya plastiki kule Cosford, kwenye tawi la makumbusho ya jeshi la anga, na mipira ya maji ikavinyunyizia myeyusho huo mfululizo hadi magamba yakalegea na chumvi ikatoka. Usilitafsiri hilo kuwa ndimu za sokoni na kitambaa. Ukali hupimwa kila siku, na palipo na rangi ya asili hufunikwa.

Ngozi, mpira, hariri ya parachuti na karatasi hubaki ndani ya maji, gizani, kwenye baridi, hadi mhifadhi azipokee. Kwa Kenya, Fort Jesus ina uzoefu wa vitu vya majini tangu uchimbaji wa meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Waulize kabla ya kuzamia.

Chumvi ikiisha, kausha polepole kivulini, paka nta ya kuhifadhia, na uweke ndani ya chumba kikavu chenye hewa iliyodhibitiwa, mbali na upepo wa bahari. Kagua kila mwezi kwa tochi chini ya ribiti na kwenye mikunjo. Unga mweupe ukirudi, kipande kinarudi tangini.